Kabla ya kununua roboti ya kuondoa masalia, kata bloki mbili katikati

*"Habari za kazi, mhandisi. Karakana yetu inatengeneza bloki za vali za haidroliki kwa aloi ya alumini, kama 6,000 kwa mwezi, kwenye mashine mbili za CNC, zile zinazochonga kwa kuongozwa na kompyuta. Kila bloki ina milimita 80 kwa 50 kwa 40, tundu moja refu la kipenyo cha milimita 12, na matundu manne ya milimita 6 yanayoshuka kutoka juu na kutobokea ndani ya lile refu. Vijana watatu wanashinda mezani na visu vya kukwangua wakiondoa masalia makali kwenye kingo, na bloki moja inakula dakika nne hivi. Mwezi uliopita mteja alirudisha bechi nzima baada ya kukuta kijiwembe cha alumini ndani ya vali. Kuna muuzaji anatushawishi tununue roboti, anasema itamaliza kila kitu. Fundi wetu mkuu anasema roboti ya nini, tununue ile mashine ya kutikisa vipande pamoja na mawe. Nani tumsikilize?"*

Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyotoa, mimi nisingemsikiliza yeyote kati ya hao wawili kwa sasa. Si kwamba mashine zao ni mbovu. Una shida mbili umezifunga kwenye mfuko mmoja, na kila mmoja wao anakuuzia dawa ya shida ambayo siyo iliyokurudishia bechi.

Shida ya kwanza ni muda. Dakika nne mara bloki 6,000 ni saa 400 kila mwezi, na ndiyo maana vijana watatu hawainui kichwa. Shida ya pili ni kile kijiwembe. Hicho hakikutoka kwenye kingo za nje, kwa sababu kingo za nje kila mtu anaziona na kuzipapasa. Karibu nina hakika kilitoka pale tundu dogo linapokutana na tundu refu, ndani, mahali ambapo kijana wako anakwangua kwa kubahatisha kwa sababu hapaoni. Muda wako mwingi huenda unaliwa nje, lakini hatari yako iko ndani. Tuanze na namna hayo masalia yanavyozaliwa, maana ukilijua hilo utaweza kumuuliza muuzaji maswali yatakayomtoa jasho.

Kisu cha mashine hakipiti kwenye chuma kama wembe kwenye karatasi. Kinakisukuma na kukikunja mpaka tabaka la juu linateleza na kuchanika kuwa vinyoleo. Muda wote huo chuma kilicho nyuma ya tabaka hilo ndicho kinacholishikilia lisikimbie. Kisu kikifika ukingoni kinapotokea, nyuma hakuna kitu tena. Tabaka la mwisho, badala ya kuchanika, linaona njia rahisi zaidi: linapinda na kulalia nje. Hilo ndilo salio lako. Chuma cha kutupwa hakipindi, humeguka, kwa hiyo chenyewe huacha ukingo uliopukutika. Alumini laini, shaba nyekundu na chuma kisichoshika kutu hupinda kwa moyo mkunjufu.

Kwa biti inayotoboa kuingia kwenye tundu jingine hali ni mbaya zaidi. Ncha inapokaribia kutokea, ule ukuta mwembamba uliobaki unavimba mbele yake kama ngozi ya ngoma, kisha unapasuka. Vipande vyake hubaki vimesimama kuzunguka mdomo wa tundu, vingine vinene na vimeshika imara, vingine vyembamba kama ganda la kitunguu vikining'inia kwa uzi. Hivi vya mwisho ndivyo vya kuogopwa. Leo vimeshika. Kesho mafuta ya haidroliki yakipita kwa shinikizo vinang'oka na kukaa kwenye kiti cha vali, pale inapojifungia.

Sasa mambo mawili ambayo mafundi wengi hukosea, na mimi nilikuwa mmoja wao. La kwanza ni kuamini kwamba ukipunguza kasi ya kusukuma biti, masalia yatapungua tu. Ukiipunguza kwenye ile milimita moja ya mwisho kabla ya kutokea, kweli inasaidia, kwa sababu nguvu inayovimbisha ule ukuta inashuka. Lakini ukienda polepole safari nzima, unafika mahali biti inakwangua tabaka jembamba kuliko ule uviringo mdogo wa ukingo wake yenyewe. Hapo haikati tena, inasugua, inapasha joto, na masalia yanaongezeka. La pili ni kubadilisha biti pale tu tundu linapotoka nje ya kipimo. Kipenyo kinaweza kubaki sawasawa kwa maelfu ya matundu huku ukingo wa biti ukizidi kuwa butu na masalia yakizidi kuota. Kwa kazi yako, maisha ya biti yahesabiwe kwa masalia, si kwa kipenyo.

Ndiyo maana jambo la kwanza ninalokuomba halina gharama. Siku ile biti mpya ya milimita 6 inapofungwa, chukua bloki ya kwanza. Siku inapofunguliwa, chukua bloki ya mwisho iliyotobolewa. Zote mbili zisipite kwa vijana. Zikate kwa msumeno sambamba na tundu refu, pembeni kidogo ya katikati ili msumeno usiguse midomo ya matundu madogo, halafu zilaze kando kwa kando chini ya taa kali na uzitazame kwa kioo cha kukuzia. Gusa kila mdomo kwa ukucha. Kwenye bloki ya kwanza pengine utahisi mkwaruzo tu. Kwenye ya mwisho, nisishangae ukikuta kola nzima ya alumini inayouzuia ukucha kabisa. Tofauti kati ya bloki hizo mbili ndiyo itakayoamua kama mashine yoyote itaweza kazi yako.

Nasema hivyo kwa sababu kijana wako mezani anafanya kitu ambacho hatumlipi kwa jina lake: anaamua. Akikuta salio nene anakandamiza zaidi na kurudia; akikuta jembamba anapitisha mara moja. Mashine haiamui. Inatoa nguvu ileile kwa kila kipande. Ukiipa masalia yanayobadilika kutoka asubuhi hadi jioni, utapata kingo zinazobadilika kutoka asubuhi hadi jioni, ila sasa kwa mkopo wa benki.

Kwa hiyo anza kwa kuyapunguza na kuyafanya yafanane. Mbali na kubadilisha biti mapema, angalia mpangilio wa kazi. Salio huelekea kule ambako kisu kinatokea. Kama leo mnatoboa tundu refu hadi kipimo cha mwisho kisha mnashusha yale manne, masalia yote manne yanaingia ndani ya tundu refu na kubaki humo. Jaribu hivi: toboa tundu refu likiwa dogo kidogo kuliko kipimo, shusha yale manne, halafu rudi umalizie tundu refu kwa kisu cha kusawazisha. Kisu hicho kitazikata zile kola. Kitaacha masalia yake pia, membamba, yakiwa yamelalia kwenye midomo ya matundu madogo. Basi pitisha tena biti ya milimita 6 bila haraka iyafute. Salio halifi, linahamishwa na kukonda kila linapohama. Bila shaka mnaongeza sekunde kwenye mashine, na hesabu ya sekunde tutaifanya.

Kabla ya hapo, fungua mchoro wa mteja. Nakadiria umeandikwa "bila masalia" na basi. Maneno hayo hayapimiki, maana ukikuza vya kutosha kila ukingo una kitu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13715 kipo kwa ajili hii: kinaruhusu kuandika kwa kila ukingo ni kiasi gani cha chuma kinaweza kubaki au lazima kiondoke. Kwa mfano, alama ya kutoa yenye 0.1 hadi 0.3 maana yake ukingo ukatwe au uviringishwe kati ya milimita 0.1 na 0.3, alama ya kujumlisha ingeruhusu kitu kibaki. Kaeni na mteja mkubaliane kingo zipi ni za kufa na kupona. Inawezekana kabisa nusu ya dakika zenu nne zinatumika kulainisha kingo asizozijali mtu yeyote mradi tu zisimkate mkono.

Haya, kingo za nje. Hizi wala usizinunulie mashine. Kisu kidogo chenye ncha ya nyuzi 90, ndani ya CNC hiyohiyo, bloki ikiwa bado imebanwa pale ilipochongwa, kitakata mshazari kuzunguka uso wa juu. Mzunguko wa uso wa 80 kwa 50 ni milimita 260. Kwa mwendo wa milimita 2,000 kwa dakika, hiyo ni sekunde nane. Kwa bloki 6,000 ni saa 13 na ushee za mashine kwa mwezi kwa kila uso. Zidisha kwa nyuso unazozihitaji, ongeza muda wa kubadilisha kisu, kisha linganisha na saa 400. Pingamizi la kweli hapa ni moja tu: kama mashine zako mbili tayari zinafanya kazi usiku na mchana na oda zinasubiri, kila sekunde ya CNC ni ghali kuliko ya kijana mezani. Kama zinapumzika japo zamu moja, sioni hoja ya kuipinga njia hii. Uzuri wake mkubwa ni kwamba bloki haijafunguliwa, kwa hiyo mashine inajua ukingo uko wapi.

Hapo ndipo roboti inapopata tabu. Roboti nzuri ya kiwandani hurudi kwenye pointi ileile kwa tofauti ya chini ya milimita 0.1, na muuzaji atakuonyesha namba hiyo. Lakini kurudia pointi ni jambo moja, na kufuata mstari mrefu kwa usahihi huku ukisukumwa na kisu ni jambo jingine. Mkono wake ni mrefu na una viungo vingi, unanepa. Ongeza hapo bloki iliyokaa kwa kupotoka kidogo kwenye jigi, yaani kifaa kinachoishikilia. Ukitaka mshazari wa milimita 0.2 na jumla ya makosa ikawa 0.15, upande mmoja utapata 0.35 na mwingine 0.05, yaani karibu hakuna. Dawa yake inajulikana: kisu kinafungwa kwenye kichwa kinacholegea, kinachosukumwa na upepo wa kompresa, ili kiufuate ukingo ulipo na si pale programu inapodhani upo. Kinafanya kazi vizuri. Ila kichwa kinacholegea, kikikutana na salio nene, kinainuka na kulipanda badala ya kulikata, kisha kinashuka upande wa pili. Unabaki na kinundu. Tumerudi kwenye zile bloki mbili ulizozikata.

Niliwahi kuitwa mahali ambako roboti ya namna hii ilikuwa inaharibu kipande kimoja katika kila vichache, na kila mtu alikuwa ameshachokonoa programu. Nilisimama pale zaidi ya saa moja nikiangalia tu. Kinyoleo kimoja, chembamba kuliko ukucha, kilikuwa kikibaki kwenye jigi chini ya kona moja na kukiinua kipande. Mtu angekipangusa kwa kidole bila hata kujua amefanya hivyo. Tulitoboa jigi tukapitisha upepo wa kuipuliza kabla ya kila kipande, na roboti ikapona.

Siichukii roboti. Ingekuwa una vipande vizito vya kutupwa, vyenye kingo ndefu zilizopinda, visivyoingia vizuri kwenye CNC, ningekuambia uitafute. Kwako itafanya kwa gharama kubwa kazi ambayo kisu chenye ncha kinaifanya kwa sekunde nane, na ndani ya tundu la milimita 6 haitafika kwa urahisi.

Fundi wako mkuu naye, mheshimu, ila mashine ya kutikisa ina tabia zake. Mawe ya kauri au ya plastiki yanasugua kila kinachojitokeza, kwa hiyo kingo za nje na kona huguswa kwanza na zaidi, na ukingo wa ndani huguswa mwisho au usiguswe kabisa. Ili jiwe lisugue ndani ya tundu lazima liingie, na jiwe linaloweza kuingia siku moja litakwama. Alumini laini zikigongana zenyewe kwa zenyewe huachiana makovu, na kama bloki yako ina uso wa kukalia sili, ile pete ya kuzuia mafuta yasivuje, kovu moja linatosha kuvujisha mafuta. Ninachokiogopa zaidi ni kwamba salio la ndani linaweza kukunjwa likalala badala ya kung'oka. Kwa macho limepotea. Kwa vipande vidogo vya chuma kigumu, vya maelfu, visivyo na matundu yanayokatana, mashine hii haina mpinzani kwa bei.

Tumebaki na ile midomo minne ya ndani, ambayo ndiyo ugonjwa wenyewe. Ningejaribu kwa mpangilio huu. Kwanza brashi ya nyuzi za nailoni zenye punje za kusugulia, au ile yenye vijiwe vya mviringo kwenye ncha za nyuzi, inayofungwa kwenye CNC kama kisu kingine chochote na kupitishwa kwenye tundu refu ikizunguka upande mmoja kisha upande wa pili. Ni rahisi, na kwa masalia membamba inatosha. Kwa kola nene haitoshi. Itazipiga msasa zing'ae tu. Kumbuka punje zake huchanganyika na maji ya kupozea, kwa hiyo chujio lenu liwe zima, la sivyo mtazisaga reli za mashine.

Pili, kuna visu vyenye springi vinavyoingia kwenye tundu dogo vikiwa vimejikunja, vikatokea ndani na kuufuata mdomo. Ugumu ni kwamba mdomo wenu si duara bapa. Umepinda kama tandiko la farasi, kwa sababu tundu linatokea kwenye ukuta wa mviringo. Kadiri vipenyo viwili vinavyokaribiana ndivyo upindaji unavyozidi na kisu kinavyoshindwa kufuata. Sita ndani ya kumi na mbili inafaa kujaribiwa, lakini usilipe kabla ya kuona.

Tatu, njia ya moto, ambayo watu wakiisikia mara ya kwanza hudhani natania. Vipande vinafungiwa kwenye chumba cha chuma, chumba kinajazwa gesi inayowaka pamoja na oksijeni kwa shinikizo, kisha cheche. Joto la maelfu ya nyuzi linadumu kwa milisekunde chache tu. Salio, kwa kuwa ni jembamba na halina pa kupeleka joto, linafika kwenye kuungua na kuwa majivu. Mwili wa bloki ni mnene, joto linasambaa, unatoka ukiwa wa moto wa kushikwa kwa glavu, kipimo chake kilekile. Gesi inaingia kila tundu, kwa hiyo ndani na nje ni sawa. Masharti ni matatu: vipande viingie visafi na vikavu bila vinyoleo, vioshwe baadaye kuondoa mabaki ya oksidi, na usitarajie ukingo wa mviringo uliopimwa, maana moto unaondoa salio tu. Mashine yenyewe ni kubwa mno kwa karakana ya mashine mbili, lakini kuna viwanda vinavyoifanya kazi hii kwa malipo, na ndiyo njia ninayoiona kwenu endapo brashi na visu vitashindwa.

Nne, njia ya umeme na maji ya chumvi: bloki inaunganishwa upande wa chanya, kijiti cha shaba chenye umbo la mdomo husika upande wa hasi, na chuma cha ukingoni kinayeyuka bila kuguswa. Inatoa mviringo mzuri kuliko zote. Lakini salio likiwa refu likagusa kijiti, shoti; na yale matope na maji machafu yanataka mtu anayejua kuyashughulikia. Kwa bloki ya aina moja inayotengenezwa miaka, inafaa sana. Kwa oda zinazobadilika, hapana.

Njia yoyote mtakayoishia nayo, malizeni kwa kuosha kwa maji ya shinikizo kubwa, mdomo wa bomba ukielekezwa ndani ya kila tundu. Usiyatarajie maji yakate kola iliyoshika imara. Kazi yake ni kung'oa vile vinavyoning'inia kwa uzi hapo kwako, kabla mafuta ya mteja hayajaving'oa kwake.

Vijana watatu usiwaondoe mezani kwanza. Wape mchoro wa bloki na saa, waandike kwa siku mbili kila ukingo unakula sekunde ngapi. Hakuna mhandisi atakayekupa taarifa bora kuliko hiyo. Baadaye utahitaji angalau mmoja wao na kamera nyembamba ya kuchungulia matundu, kwa sababu amekwangua maelfu ya hayo masalia na anajua yanavyojificha. Na kama oda zako zitageuka kuwa bloki 50 za aina hii na 30 za ile, rudi kwenye visu vya mkono, taa nzuri na kioo cha kukuzia bila aibu yoyote.

Kuna mambo nisiyoweza kuyamaliza kwa maandishi. Vumbi laini la alumini hulipuka. Ukiweka kazi yoyote ya kusugua kavu, mtaalamu wa usalama aje akague mfumo wa kufyonza vumbi kabla haujawashwa, na usiuunganishe kamwe na bomba moja linalopokea cheche za kusaga chuma. Roboti ikija, uzio na vizuizi vyake vikaguliwe na mtu asiye muuzaji. Na kama bloki hizo zinaingia kwenye breki, ndege au vifaa vya hospitali, usibadilishe hata mpangilio wa kutoboa bila mteja kuidhinisha kwa maandishi.

Muuzaji akikuomba vipande vya majaribio, usimchagulie vizuri. Mpe bloki 30: kumi za biti mpya, kumi za katikati, kumi za biti iliyochoka, zimechanganywa, wewe tu ukijua namba zake. Zikirudi, zikate zote mbele yake.